Uridhikaji wa Wahojaji wa Afya

Inatangazwa kwa furaha rasmi kwamba wahojaji wa afya wa ofisi yetu wameridhika na kazi. Mchunguzi nilikuwa mimi, Msimamizi wao, mtu ambaye hakuwa na gari, hakuwa na karani, hakuwa na dirisha, wala kiti chenye miguu inayolingana. Digrii pia sikuwa nayo. Nilikuwa na cheti cha shule ya jioni, nilichokitundika pale ambapo dirisha lingekuwa.

Wahojaji wetu hupiga hodi nyumba hadi nyumba wakiuliza nani anakohoa na nani analala bila chandarua. Hufukuzwa na mbwa, huitwa matapeli. Mkurugenzi alisikia wananung'unika, akaniita.

“Mzee, pima uridhikaji wao. Asiyeridhika tumpumzishe kazi. Mtu mwenye kinyongo anachafua takwimu.”

Niliisifu hekima hiyo. Nilipoandika agizo, nikaongeza kwa kalamu yangu: *linahusu watumishi wote, bila kujali cheo*. Sentensi ilihitaji uzito. Mkurugenzi alisaini bila kusoma, kama kawaida ya viongozi wenye imani.

Wahojaji wote waliridhika sana. Hata Soli, mama tuliyempa jina hilo kwa sababu viatu vyake havikuwa nazo.

“Na mbwa je?”

“Wanatusindikiza, Mzee.”

“Na jua?”

“Linatuangazia njia.”

Nikabaki mimi tu. Msimamizi hajihoji mwenyewe, basi nikamwita Soli anihoji, wenzake waone mfano mwema.

“Umeridhika na kazi yako, Mzee?”

“Sana.”

Soli hakuandika. Alinitazama usoni, kalamu mkononi, kimya.

Mbinu hiyo ni yangu. Niliwafundisha mimi: usimsaidie mhojiwa, usitikise kichwa, usikohoe. Binadamu hawezi kuvumilia kimya, atakijaza mwenyewe. Nilitabasamu kuona mwanafunzi ameiva. Kisha nikaanza kukijaza.

Nikasema kiti kinanipinda mgongo. Nikasema Mkurugenzi hajui jina langu. Mimi Mzee, mlinzi wa getini Mzee. Nikasema maisha yangu yote nimewatuma watu wakaulize wengine wanaumwa wapi, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Hapo nikapangusa macho, nikasingizia vumbi.

“Pole, Mzee. Kwa hiyo nikuweke wapi?”

“Sijaridhika. Hata chembe.”

Akaandika. Ndipo nikakumbuka agizo.

“Futa hilo, mwanangu. Watanipumzisha!”

“Si wewe uliyetufundisha kwamba neno la mhojiwa halifutwi?”

“Ndiyo, lakini…”

“Ulitufundisha vizuri, Mzee. Na sisi tuna watoto wa kulisha, ndiyo maana tumeridhika.”

Nikasoma agizo upya, nikitafuta tundu la kutokea. Macho yakagota kwenye maneno yangu mwenyewe: *bila kujali cheo*. Ghafla kiti kikawa kizuri.

Nikaandika barua kwa Mkurugenzi. Wahojaji wote wameridhika, wabaki. Msimamizi hajaridhika, apumzishwe. Amebaki mtumishi mmoja ambaye hajahojiwa, naye ndiye anayesoma barua hii. Mhojaji wake ndiye aliyeileta.

Nikalamba gundi ya bahasha, nikaigandamiza kwa ngumi, nikamkabidhi Soli.

“Nikifika nimwambie nini, Mzee?”

“Muulize kama ameridhika. Akijibu ‘Sana,’ mtazame tu usoni.”

Akaweka barua kwapani, akaenda.