Kona ya Wasioamua

Alhamisi, 8 Januari

Mdahalo wa kwanza wa mwaka mpya. Nimeutazama wote kwenye kiti changu, bakuli la supu ya maharagwe na nyama mapajani, mkate wa mdalasini pembeni. Mke wangu Arlys alikuwa anafuma soksi, au alijifanya anafuma.

Chama chetu kimebakiwa na wagombea watatu wa urais, na jimbo letu la Iowa ndilo la kwanza kuchagua. Seneta Bohlander ana kidole gumba kikubwa na anakitumia kuliko ulimi. Bwana Carrow, tajiri wa maghala, alisema "ndugu zangu wa Iowa" kila alipofungua mdomo, na kila mara alikuwa anatazama kamera ambayo haikuwa yake. Gavana mstaafu Kessel aliulizwa kuhusu bei ya mahindi. Akasema hajui vya kutosha, atakwenda kuwauliza wanaolima, kisha akanywa maji. Mimi nikaweka kijiko chini.

Nimempenda huyu mama. Naandika humu tu. Nje sitasema, na sababu ni Duane.

Duane Tiedeman ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Miaka minne iliyopita runinga ilimchagua awe "mpiga kura asiyeamua" wa mji wetu. Walimhoji akiwa amesimama mbele ya trekta lisilo lake. Mpaka leo hawezi kununua maziwa bila kuisimulia habari hiyo. Mwaka huu runinga ileile inatafuta mtu mwingine hapa Garnet Fork, wa kufuatwa na kamera hadi siku ya kuchagua. Walioamua hawatakiwi.

Kwa hiyo mimi sijaamua. Mpango wenyewe ndio huo.

Jumamosi, 10 Januari

Nimekwenda mkahawani asubuhi na kuanza kazi. Nikashika kichwa. Nikapumua kwa uzito hadi mhudumu akaniuliza kama ni meno. Nikamwambia si meno, ni nchi, sijui nimchague nani. Watu wawili waligeuka. Mwanzo mzuri!

Kisha akaingia Duane. Akaketi karibu na mlango na kupumua kwa uzito kunishinda. Akatangaza kuwa mwaka huu amechanganyikiwa kiasi kwamba hata kati ya pai ya tufaha na pai ya cheri hajui achukue ipi. Akaletewa zote mbili. Akazila.

Mchana nimechomeka mabango ya wagombea wote watatu kwenye theluji mbele ya nyumba, kwa umbali ulio sawa. Kabla ya jioni Duane alikuwa na manne. La nne ni la mgombea aliyejitoa tangu Novemba. Huyu mtu hana aibu.

Jumatano, 14 Januari

Kendra wa runinga amepiga simu. Sauti ya binti aliyelala vizuri. Ameniita Mzee Verlyn. Amesema amesikia kuwa nateseka kwa kutoamua. Nikamwambia nateseka sana.

Kesho tutautazama mdahalo wa pili maktabani, watu kumi na wawili wasioamua, yeye akituchunguza. Mmoja atachaguliwa. Duane naye ameitwa. Arlys ameuliza kwa nini nanyoosha shati la Jumapili. Nimesema ni la maktaba.

Alhamisi, 15 Januari

Tulipewa kila mmoja kidude cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Unachosikia kikikupendeza unazungusha kulia, kikikuudhi unazungusha kushoto. Mstari unapanda au unashuka kwenye skrini, na nchi nzima inauona.

Bohlander akaja na kidole chake. Nikaacha kidude katikati. Carrow akaeleza jinsi alivyoanza maisha akiwa hana kitu isipokuwa maghala mawili ya baba yake. Katikati. Kendra alikuwa amesimama nyuma yetu na nilijua ananiangalia mkono.

Akaja Kessel. Aliulizwa kuhusu hospitali za vijijini zinazofungwa. Akasema aliifunga moja yeye mwenyewe alipokuwa gavana, kwamba alikosea, na akaeleza mwanamke mmoja alijifungulia wapi kwa sababu hiyo. Hakulia, hakupandisha sauti. Mkono wangu ukaanza kwenda kulia wenyewe. Nikaona nimekwisha. Mtu aliyeamua anaonekana kwenye mkono! Nikaushika kwa mkono wa pili na kuuzungusha kushoto mpaka mwisho.

Duane, kwa kuniona mimi, akazungusha kushoto pia. Na yule bibi wa posta, kwa kumwona Duane. Mstari ukaanguka kama ndoo kisimani.

Ijumaa, 16 Januari

Nimechaguliwa! Kendra amesema nina uso wa mtu anayepima mambo. Kamera itakuja nyumbani kwenye mdahalo wa mwisho, kisha itanifuata siku ya kuchagua.

Runinga zote leo zinaonyesha ule mstari. Wataalamu wenye tai wanasema jibu la hospitali "halikuwagusa wapiga kura wa Iowa." Arlys alitazama akiwa amesimama, taulo la vyombo begani. Akauliza ni mtu gani mwenye moyo wa jiwe anayeweza kuzungusha kushoto kwa maneno kama yale. Nikasema pengine vidude vilikuwa na hitilafu. Kura za maoni zinasema Kessel ameshuka. Inasikitisha, lakini mimi ni mmoja tu kati ya kumi na wawili.

Jumanne, 27 Januari

Mdahalo wa mwisho. Kamera sebuleni, taa mbili, waya hadi jikoni. Kendra alihamisha picha ya mama yangu kwa sababu kioo chake kilikuwa kinameta.

Bohlander sasa ana kidole gumba cha mkono wa pili. Carrow ameacha kutuita ndugu, anatuita marafiki, tumeshushwa cheo. Kessel alionekana amechoka. Alijibu vizuri. Mimi nilikunja uso kwa wote watatu, kwa usawa.

Kamera ilipoondoka Arlys akaniambia kuwa yeye ameamua. Kessel. Katika maisha yetu yote hajawahi kwenda kwenye mkutano wa kuchagua, husema ni kelele na baridi. Nikamuuliza kilichombadilisha ni nini. Akasema ni mimi. Aliniona usiku ule wa kwanza nilivyoweka kijiko chini, na supu ilikuwa bado ya moto. Akasema Jumatatu tutasimama pamoja kwenye kona ya mama huyo.

Nikasema nitaona. Akacheka, akidhani natania.

Jumatatu, 2 Februari

Ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi, harufu ya mpira na nta ya sakafu. Hapa kwetu hakuna karatasi ya siri. Unasimama kwenye kona ya mtu wako na jirani zako wanakuona. Kona isipofikisha watu tisa haihesabiwi, na waliokuwamo wanatafuta kona nyingine au wanakwenda nyumbani.

Arlys alikwenda kona ya Kessel. Nilimwambia natangulia kusalimia watu, nikaishia kwenye kona ya wasioamua, chini ya goli la kikapu, Kendra na kamera mbele yangu. Tulikuwa wanne: mimi, Duane, na wale dada wawili wazee, Opal na Fern.

Hesabu ya kwanza. Bohlander wengi, Carrow wengi, Kessel saba. Sisi wanne tukaambiwa tujigawe. Opal na Fern wakaenda kwa Bohlander, ndiko birika la kahawa liliko. Duane akakuna shingo. Akamwambia Kendra, kwa sauti ya kutosha, kwamba amepambana na nafsi yake na sasa ameamua. Akavuka ukumbi hadi kwa Kessel, polepole. Kamera nayo ikamfuata! Wakampigia makofi. Wakawa wanane.

Kisha wote wakanigeukia mimi.

"Verlyn, njoo huku," alisema Arlys. Hakupaza sauti.

Nikasema bado natafakari.

"Unatafakari nini, mzee wangu? Wewe ndiye uliyenifanya nimpende huyu mama."

Duane naye akaingilia. "Njoo bwana, jirani. Hii kona haiumi. Pai nitanunua mimi."

Kusikia hivyo ndipo nikazidi kukaza miguu. Nisimame nyuma ya Duane, niwe wa pili kuamua? Na Kendra alikuwa ameirudisha kamera kwangu, ananiashiria kwa kiganja nibaki hapohapo. Akanong'ona kwamba taa inanipendeza.

Nilimtazama Arlys. Alikuwa ameshika koti langu, nilikuwa nimemwachia. Nilitaka kwenda, hilo nakiri. Mwenyekiti akasema muda umekwisha.

Kona ya Kessel ikavunjwa. Wakabandua bango lake ukutani. Arlys hakuhamia kwa mtu mwingine yeyote. Aliliweka koti langu juu ya benchi, akaenda kukaa garini.

Jumanne, 3 Februari

Nimeonekana kwenye runinga. Kisogo. Habari yote ni Duane: "Mkulima aliyeamua dakika ya mwisho." Duane aliuza bima maisha yake yote.

Alasiri Kessel amejitoa. Aliwashukuru waliosimama naye, akasema kuna miji alipungukiwa na mtu mmoja tu. Kisha akanywa maji, kama siku ile. Arlys alizima runinga na kutoka nje. Amelichomoa bango la Bohlander na la Carrow. La Kessel ameliacha, na amelipangusa theluji kwa mkono.

Alhamisi, 5 Februari

Supu ya jana, baridi. Arlys anaongea na mimi kuhusu mambo ya lazima tu, takataka na mbwa.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimeona kosa lilipo. Kosa ni la watu wa Garnet Fork. Wanampata mtu mzuri, wanampenda kabisa mioyoni mwao, halafu hawana ujasiri wa kuvuka ukumbi na kusimama naye. Nimemweleza Arlys hivyo mezani. Ameweka kijiko chini, akaondoka.

Majira ya kiangazi kutakuwa na midahalo ya ugavana wa jimbo. Kuna mmoja, mwalimu wa zamani, nimesoma habari zake gazetini na amenigusa sana. Nimempigia Kendra. Hakupokea, nikaacha ujumbe. Nimemwambia sijaamua.