Feni Isiyotambulika

Jumatatu, 1 Mei
Aibu! Jana kanisa zima limeona. Katikati ya wimbo, ubeti wa pili, kompyuta ya kanisa ikafunika maneno kwa dirisha jekundu: FENI HAITAMBULIKI. MASHINE IKO HATARINI. Ukutani, kubwa kama mlango wa banda. Feni ya kuipoza ni nzima! Nimeichomoa mwenyewe kwenye mashine iliyokufa ya shule, nikaifunga kwa waya wa zizi la nguruwe. Inazunguka. Kutambulika inataka nini, cheti cha ubatizo?

Kalafi, aliyerudi juzi hapa kisiwani kutoka Auckland na kompyuta yake nyembamba, akanifuata nje huku anatabasamu. Eti, "Mzee Feleti, umehangaika sana na hilo kopo. Pumzika, niachie mimi." Pumzika! Mchungaji naye kasema Jumapili ijayo ni Fakamē, sikukuu ya watoto, watasema aya zao mbele ya wazazi, na onyo likitokea tena kazi anapewa Kalafi.

Hawaelewi. Mashine hukaa kwangu wiki nzima. Watu huja na nyimbo zao niwachapie, hukaa barazani, huniuliza habari za Lavinia. Mke wangu alikwenda Auckland kumlea mjukuu, na mjukuu sasa anakwenda shule peke yake. Bila mashine, nani atapanda ngazi zangu? Hakuna.

Jumanne, 2 Mei
Mpango: sibadilishi feni, nabadilisha onyo. Maneno yake nimeyapata ndani ya faili moja la mfumo. Nikayafuta. Kompyuta ikagoma: faili limelindwa, omba ruhusa kwa msimamizi. Msimamizi ni mimi! Nikajiomba. Nikajikubalia. Bado ikagoma. Nikajiandikisha kuwa mmiliki wa faili, jina langu na la marehemu baba, ndipo ikalegea. Nimewasha: kimya!

Sikuwa na wa kumhadithia. Nimewaambia nguruwe.

Jumatano, 3 Mei
Limerudi! Kumbe mfumo una mlinzi. Ameweka stoo nakala ya kila faili, na ukigusa lolote analirudisha lilivyokuwa, bila hodi. Mimi si wa kuchezewa. Nimeingia mpaka stoo, nimetupa nakala yake, nimeweka yangu. Akirudisha, arudishe yangu!

Ila nitajuaje kuwa ni yangu? Kwa majaribio tu, kwenye faili na kwenye nakala ya stoo, nimeandika maneno mengine mahali pa onyo: UMEAMKAJE, FELETI? USIJALI, LAVINIA ATAPIGA SIMU LEO. Majaribio tu.

Alhamisi, 4 Mei
Imenisalimu asubuhi. Nikaizima, nikaiwasha, ikanisalimu tena. Hivyo hivyo mpaka chakula cha mchana. Simu haikulia.

Malia wa kwaya kaleta aya za watoto. Nilimkaribisha, nikamwekea kiti, nikachemsha maji. Kasema ana nguo kwenye kamba. Mbingu safi, hata wingu hakuna! Maji nimeyamwaga.

Jumamosi, 6 Mei
Nimefungua faili, nimefuta salamu yote. Maneno yakiisha, dirisha halitokei. Nimejaribu: kimya kabisa. Kalafi kapita na viazi vikuu vya kupika kesho, kaulizia kama nataka msaada. Nikamwuliza kama anaona moshi wowote kwenye mashine. Akaondoka.

Nyumba imepoa bila ile salamu. Nimeikosa, nakiri. Lakini ushindi ni ushindi.

Jumapili, 7 Mei
Asubuhi nilitaka kuijaribu mara ya mwisho. Lakini leo kazi ni marufuku, na mimi sitaki kuonekana na bisibisi siku ya Bwana. Nikavaa mkeka wangu wa heshima kiunoni, nikaibeba kanisani kama ilivyo.

Watu tele, joto la kupikia. Kasimama binti mdogo wa Kalafi, gauni jeupe, aya yake ukutani nyuma ya mimbari ya Mchungaji. Mashine ikapata moto. Na mlinzi akafanya kazi yake! Nilifuta faili la mbele, stoo nikaisahau. Stoo kulikuwa na salamu.

Mtoto alikuwa amesahau aya yake. Akageuka, akaona maandishi, akasoma kwa ile sauti kubwa wanayofundishwa: "Umeamkaje, Feleti? Usijali, Lavinia atapiga simu leo." Akainama kwa heshima, akaketi.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Akina mama wakaanza kulia, kama wanavyolia kila Fakamē, ila leo walikuwa wananitazama mimi. Nyuma yangu kukanuka plastiki iliyoungua. Feni ilikuwa imesimama.

Jumatatu, 8 Mei
Mvua ya watu! Malia kaleta majani ya magimbi na nyama ya kopo, kaketi barazani mpaka jua likageuka, nguo zake zikawe zitakavyokuwa. Mchungaji kaja, kaniombea bila kuombwa. Kalafi kaja na kompyuta yake nyembamba, kaiweka mezani kwangu. "Itakaa hapa kwako, mzee. Nani mwingine ataitunza? Na jioni usipike, unakula kwetu. Mtoto anakuulizia." Lavinia naye kapiga simu, habari zilifika Auckland kabla sijatoka kanisani. Kaanza kusema jambo kuhusu kurudi.

Nimemwambia ni hitilafu ya mashine, nina kazi, nitampigia. Kalafi nimemwambia vilevile. Kazi ninayo kweli. Hii kompyuta yake ni mpya, kila kilichomo kinatambulika, imewaka tangu mchana na haijanitolea hata neno moja. Nimefunga mlango. Nimeifungua mgongo, nimechomoa waya wa feni. Nimevuta kiti karibu, nangoja iniambie kitu.