Vibati vya Mzee Kassamali

Jumatatu, 9 Juni
Daftari langu, hujambo? Umelalaje chini ya Biblia? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila aibu tu. Wakati wa vita ya Hitla senti ziliadimika hapa Mwanza, mpaka Mzee Kassamali, mwenye duka Mirongo, akawa anarudisha chenchi yake mwenyewe: kibati cha duara kilichogongwa SUKARI NUSU RATILI. Ninavyo sita. Kumbe kuna cha saba! Nikabandika tangazo Igoma: NANUNUA BATI ZA ZAMANI. Kufika mchana, mapaa matatu ya mabati uani! Jirani Mihayo kaleta la banda, na kuku juu yake. Mke wangu Hellen kauliza kama tunajenga.

Jumanne, 10 Juni
Nathaniel fundi saa, mkusanyaji mwenzangu, kaja kunicheka. Eti Baba Mabati! Lakini karopoka: cha saba anacho Bi Sherbanu, mjukuu wa Kassamali, naye atakwenda kukiomba Alhamisi. Basi mimi kesho! Nimenunua samaki, sato wawili, wa kumpelekea bibi. Nimemwomba Mungu amcheleweshe Nathaniel, bila kumwumiza.

Jumatano, 11 Juni
Mpango: bibi avione vyangu sita, aone huruma, cha saba kijiunge na ndugu zake. Shikamoo, marahaba mwanangu, sato wakapokelewa. Nikavipanga mezani. Akavigusa kimoja kimoja. Akasema babu yake aliapa kila kibati kitalipwa sukari yake, na alikufa akihesabu sita ambavyo havijarudi. Hicho cha saba ndicho cha mwisho alichowahi kukilipa. Akaniuliza kama nimevirudisha. Ningesemaje! Nikasema ndiyo, bibi. Akalia. Akanipimia ratili tatu kamili za sukari kwa mkono wake, akavifunga vyote saba kwenye pindo la mtandio.

Ijumaa, 13 Juni
Miaka kumi na tisa ya kukusanya, leo tunaikoroga kwenye chai. Hellen anasema hajawahi kujivunia mume namna hii. Sikumwambia kwamba nilikwenda kuomba, si kurudisha. Nathaniel naye, jana kasimuliwa na Bi Sherbanu, kaja kunipa mkono, macho yamelowa, Baba Mabati hakuna tena. Nami nimekoma, naapa mbele za Mungu.

Ila Wilhelmina wa kwaya anasema kule Pasiansi kuna duka lililotoa vibati vya chumvi! Tangazo liko tayari: NANUNUA BATI ZA CHUMVI. Safari hii hakuna wa kukosea. Au unaonaje, daftari langu? Nijibu upesi, gundi inakauka.