Mama Mwalimu wa Maktabani

Jumatatu, 4 Mei
Insha ya fasihi: wahusika wanaojigeuza sura. Vyanzo vinne: watu wawili, vitabu viwili vya wataalamu. Mwisho Ijumaa. Insha bora itampeleka mwandishi wake kwenye kongamano la waandishi chipukizi. Nataka sana kwenda. Mwalimu aligawa karatasi fulani, lakini mimi nilikuwa nachungulia daftari la mwenzangu wa dawati. Tunamwita Kiwiko, kwa kuwa hufunika kazi yake kwa kiwiko. Sikuona kitu.

Jumanne, 5 Mei
Fundi cherehani wa mavazi ya maigizo akaniambia, binti yangu, watu hutambuana kwa mwendo, nguo ni kisingizio tu. Maneno ya dhahabu! Bibi naye akasema kwa miaka arobaini babu alijifanya mgonjwa kila palipokuwa na mzigo wa kubeba, na hakumdanganya hata mara moja. Nimeandika yote.
Maktabani, mkutubi akasema rafu ya wataalamu si ya wanafunzi, isipokuwa... Nikaondoka kabla hajamaliza. Nina heshima zangu.

Jumatano, 6 Mei
Nimeingia kama mwalimu! Gauni la shangazi, kilemba chake, miwani yake. Mkutubi akanikaribisha, Mama Mwalimu, keti hapa penye mwanga. Nikajaza daftari la wasomaji kwa jina la kubuni. Lakini miwani ya shangazi! Nikiivaa sioni, nikiivua natambulika. Nimenakili kurasa sita kwa kubahatisha. Kisha mwalimu mstaafu akaketi kando yangu, akalalamika saa nzima kuhusu wanafunzi wa siku hizi. Nilikubaliana naye kwa kila jambo. Nimechoka kama niliyefundisha kweli.

Alhamisi, 7 Mei
Kumbe tukishampa mwalimu orodha ya vyanzo, hupita maktabani kuvilinganisha na daftari la wasomaji. Darasa zima lilijua, ila mimi. Jina langu halimo. Vitabu vyangu vyote viwili amevifuta. Eti mkutubi amemwambia aliyevisoma ni mama mmoja mchovu mwenye miwani. Kiwiko alicheka mpaka akasahau kufunika. Ukurasa wake mtupu! Hata hilo halikunifariji.
Baadaye mwalimu akaniita pembeni. Akauliza, mwanangu, kwani barua ya ruhusa hukuchukua Jumatatu? Sare na barua, basi, rafu nzima ni yako. Ameniandikia nyingine. Nimepewa mpaka kesho saa nane mchana.

Ijumaa, 8 Mei, asubuhi
Barua ninayo. Kongamano bado lipo. Ila mkutubi aliniangalia uso kwa uso juzi mchana kutwa. Nikienda hivi hivi atanijua. Nimefikiri sana. Nimeazima sare ya binti wa jirani, anayesoma shule nyingine kabisa. Imenikaa vizuri, hata shangazi amenipita mlangoni bila kugeuka.
Barua ina jina langu na la shule yangu. Hilo nitalifikiria njiani.