Nilivyotumbukia Joshoni Mbele ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi 1968

Habari njema! Afisa wa mifugo anakuja Alhamisi, siku ya kuogesha ng'ombe, kuchagua mwangalizi wa usalama wa josho letu. Mwaka jana mtu aliteleza akanywa dawa ya kupe, nusura afe. Mwangalizi atapewa mabuti na koti la mpira. Litanikaa vizuri sana. Tatizo ni Mogire, jirani yangu. Anafagia matope joshoni bila kuombwa. Anajipendekeza tu!

Jumatano, 6 Machi

Nimepata njia. Mogire husimama kwenye ubao wa ukingoni, akizamisha vichwa vya ng'ombe kwa fimbo ya panda. Jioni nimeulegeza ubao huo. Kidogo tu. Atayumba, nitamdaka, afisa ataona nani mzembe. Mke wangu Orpah, mama wa binti yetu Loice, akauliza nilikokuwa. Nikasema nilikuwa nakagua usalama.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Nilianza vizuri. Nilimhutubia afisa mbele ya watu: aliyemwagikiwa dawa avue nguo zote papo hapo, aoshwe, asione haya. Afisa akasema hayo ndiyo maneno. Mara nikamwona mama mkwe anakuja na mtamba wake. Josho la kwao Magwagwa limekauka. Nani alijua? Kwetu mtu hakutani uso kwa uso na mama mkwe, humpisha. Nikampisha. Nikarudi kinyumenyume, kwa heshima zangu zote, hadi juu ya ubao.

Nilizama na kofia.

Mogire ndiye aliyenivuta kwa fimbo yake. Macho yanawaka, ngozi inawasha. Afisa akaniamuru nivue. Nivue suruali mbele ya aliyemzaa mke wangu? Nikasema heri nife, nikakimbilia migombani huku nguo zikinichuruzika sumu. Mama mkwe akawaambia watu, si mimi:

"Mwambieni baba Loice avue. Nimeshageuka. Sitaki binti yangu awe mjane kwa sababu ya suruali."

Nikavua. Wakanimwagia ndoo za maji. Nimerudi nyumbani nimejifunga leso yake kiunoni. Leso ya mama mkwe! Sijui nitauweka wapi uso wangu.

Ijumaa, 8 Machi

Sikutoka nje. Ngozi inachubuka. Mogire amechaguliwa. Amekuja na koti lake jipya kuniletea uji wa wimbi, akaniomba msamaha kwa kutokagua ubao. Yeye, kuniomba mimi! Nikamwambia nimemsamehe. Orpah anasema mama yake alikuwa karibu apande ubao uleule kumsukuma mtamba. Nikalia. Orpah akadhani ni macho yanauma. Mimi ni mtu mbaya, na uji ulikuwa mtamu.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari wakati wa misa yote. Kosa langu nimeliona wazi: sikuuliza mapema mama mkwe angekuwa wapi.

Baada ya misa padri ametangaza kwamba Jumanne tutaangusha mikaratusi ya parokia, na anataka msimamizi wa usalama. Mogire amenyoosha mkono. Nami nimenyoosha. Kesho nitaanza kuukata mti mmoja kwa siri, uiname kiasi, ili Jumanne niwe wa kwanza kuiona hatari na kupiga kelele. Safari hii nimeuliza. Mama mkwe anabaki Magwagwa wiki nzima, kwa hiyo hakuna litakaloharibika.