Soli Haina Shangazi

Jirani yangu kinyozi anadai kwamba jana alfajiri, akifungua duka, alimwona Kapteni wa klabu ya mbio akishuka kwenye pikipiki pale kona ya kituo cha mafuta. Anadai Kapteni alitoa chupa ya maji, akajimwagia kichwani, akajimwagia kifuani, akabakiza kidogo kwa ajili ya mgongo. Halafu akakimbia zile hatua mia za mwisho mpaka hapa kibarazani, akainama, akashika magoti, akahema kama ng'ombe aliyepanda ngazi.

"Akaniuliza saa ngapi," kinyozi akaongeza. "Nikamwambia. Akasema, kumi na nane leo. Nikadhani ni tarehe, kumbe kilomita."

Hayo aliyasema leo asubuhi, wanaklabu wakiwa wamekaa. Kibaraza chenyewe kina benchi moja, kioo cha kinyozi upande huu, na upande ule kisanduku changu cha kushonea viatu. Kila mwanaklabu hukimbia njia yake gizani, kisha wote huishia hapa kunywa chai na kusemana. Wanakimbia nusu saa, wanasimulia saa mbili.

Mama Dawa, mwenye duka la dawa la mkabala, hakushtuka. "Mwaka mzima nimemuuzia dawa ya kuchua misuli mara moja. Na ilikuwa ya mama mkwe wake."

"Sasa huyo ndiye anataka ile nafasi," kinyozi akasema.

Nafasi hiyo ndiyo iliyowasha moto. Imekuja barua kutoka kwa waandaaji wa mbio kubwa za nje. Klabu itoe mtu mmoja, tiketi na malazi juu yao, na awe yule aliyefanya mazoezi ya kilomita nyingi kuliko wote mwaka huu. Jina lifike kesho jioni.

Kapteni akatokea, daftari kwapani.

"Mnanisema."

"Tunakutaja tu," Mama Dawa akajibu. "Kukusema bado."

Kapteni akafungua daftari. Ndiye anayelishika, na kila mtu humwambia mwenyewe alichokimbia. "Tusipoteze muda. Mimi, elfu mbili mia moja na arobaini. Mama Dawa, mia tisa. Kinyozi, sitini."

"Hizo sitini ni pamoja na siku niliyomkimbia baba mwenye nyumba," kinyozi akasema.

"Na Zamu?" Mama Dawa akauliza.

Tukamgeukia Zamu. Ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji ng'ambo ya daraja. Alikaa ncha ya benchi, mguu mmoja pekupeku, kwa sababu kiatu chake kimoja kilikuwa mikononi mwangu.

"Zamu, sifuri. Hajawahi kuripoti."

"Mimi sikimbii," Zamu akasema. "Naenda kazini."

"Kwa miguu?"

"Nikitembea nachelewa."

"Ni mbali kiasi gani?"

"Wanasema tisa. Jioni tisa, asubuhi tisa."

Mama Dawa amezoea kuhesabu vidonge. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Siku sita kwa wiki. Hata ukimnyang'anya sikukuu zote, elfu tano haipungui. Kapteni, huyu amekupita mara mbili na bado anarudi nyumbani kulala."

"Hiyo ni safari ya kazini, si mazoezi," Kapteni akasema. "Mazoezi yana mpango. Yana saa ya mkononi."

"Saa yako hiyo hiyo iliyopanda pikipiki?"

Kapteni akaificha saa nyuma ya daftari. Mama Dawa akamwinamia Zamu. "Ndugu yangu, wewe mwenyewe ungependa kwenda?"

Zamu akautazama mguu wake uliokuwa wazi. "Nasikia kule siku ya mbio wanafunga barabara. Malori yote yanasimama." "Ningependa kukimbia siku moja bila kugeuka nyuma."



Kapteni akaingilia kwa safari yake, kama kawaida. "Mnadhani kule ni kwenda tu? Mwaka juzi baridi ilikuwa inagandisha jasho. Kilomita ya thelathini nyusi zangu zinagongana kama funguo. Mtu akipiga chafya, mnasikia inaanguka chini."

"Ulimaliza?" Mama Dawa akauliza.

"Nilipewa medali."

"Sijauliza ulichopewa."

"Shemeji yangu alikwenda mwaka huo huo," kinyozi akadakia. "Anasema medali walipewa pamoja na fulana, siku ya kujiandikisha. Yeye aliipokea amevaa ndala."

"Shemeji yako mwongo."

"Kweli, lakini hakushindi. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo maana wewe hufika hapa wa kwanza kila siku."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama Dawa peke yake hakucheka.

"Kapteni, hizo elfu mbili ulizikimbia kwa viatu gani?"

"Vile vya bluu nilivyorudi navyo," akajibu kwa majivuno. "Mwaka mzima vile vile."

"Basi kesho asubuhi vilete. Na vya Zamu viwepo. Tutazame soli, tumpeleke ambaye soli yake imekwenda."

"Atahukumu nani?"

"Fundi huyu hapa."

Wakanitazama. Mimi nikaendelea kuvuta uzi.

"Huyu? Kaishia shule ya msingi, kilomita atazijulia wapi?"

"Soli haisomwi kwa cheti."

"Na kibaraza hiki ni cha shangazi yangu," Kapteni akasema, polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba mvua itanyesha.

"Soli haina shangazi," Mama Dawa akamjibu, akaondoka kwenda kufungua duka. Kinyozi akapata mteja. Zamu, aliyekesha, alikuwa ameshasinzia pale pale benchini akisubiri kiatu.

Viatu vyao navijua. Vya bluu huletwa kwangu kuoshwa kila mwisho wa mwezi. Vumbi huwa juu, kwenye kamba na ulimi. Chini bado vina vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani. Vya Zamu nimevibadilisha soli mara tatu, na kila mara kisigino cha kulia huliwa upande wa nje, kwa sababu pale darajani hukimbilia ukingoni kupisha malori.

Haukupita muda Kapteni akarudi, mfuko mkononi. Akachuchumaa karibu yangu.

"Mdogo wangu," akanong'ona. Siku zote huniita we fundi. "Una tupa?"

"Ninayo."

Akatoa viatu vya bluu. "Vipunguze kidogo. Kisiginoni zaidi. Vionekane vimekula njia."

Nikavigeuza. "Kapteni, wewe hukanyagia upande gani? Wa nje au wa ndani?"

Akainuka. Akanyanyua mguu mmoja, akaushusha, akanyanyua wa pili. Akatembea hatua tatu akijitazama nyuma, kama aliyeazima miguu ya watu.

"Weka popote," akasema. "Halafu jana shangazi alikuulizia, mambo ya kibaraza. Nikamwambia yule binti hana tatizo, mwache akae." Akanisogelea. "Sasa utanifanyia, si ndiyo?"

Zamu akajigeuza usingizini, mguu wake mtupu ukaning'inia nje ya benchi.

Viatu vya bluu nikaviweka chini mbele ya kisanduku, soli zikitazama juu na vinyweleo vyake vyote, pale kila apitaye hupitia. Nikachukua kiatu cha Zamu, nikatia uzi mpya kwenye sindano ya shazia. Kapteni alikuwa bado amesimama kunisubiri. Ilikuwa imebaki mishono minne.