Chati Iliyogeuzwa Kichwa Chini Uani Kwangu

Kija Luhende (Mama Maige),
Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga,
Kisesa.

Kwa Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Wasaidizi wa Tiba ya Macho,
Mwanza Mjini.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: KUOMBA MJUKUU WANGU QUEEN AHAMISHIWE MENO

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi marahaba, tuendelee. Mimi sikusoma. Anayeandika ni jirani yangu Elias, alikuwa karani wa jineri ya pamba mpaka ikafungwa, na mwandiko wake wanasema ni mzuri. Nimemwambia aandike kila ninachosema asipunguze, maana ana tabia ya kupunguza. Huku kwetu ni salama, ng'ombe wanne wapo, mvua imechelewa kidogo, na macho yangu ni mazima. Hilo la macho Elias ameliandika huku anaguna. Nimemwambia aandike na kuguna kwake.

Nakuandikia juu ya mwanafunzi wako Queen Maige. Ni binti wa mwanangu Maige wa kule Kiseke, lakini nimemlea mimi hapa Kisesa tangu hajaota jino, mama yake na baba yake walikuwa kazini. Alipopata nafasi chuoni kwako nilichinja mbuzi. Nilidhani anakwenda kusomea kumshikia daktari taa. Kumbe mnawafundisha kupima watu, kisha mnawapa kitabu cha mazoezi kinachotaka macho ya watu arobaini, halafu mnawaachia Jumamosi warudi kwa bibi zao. Malalamiko yangu yana namba, kama Elias anavyotaka.

1. Kuhojiwa. Mtoto akifika ananiamkia vizuri, hapo sina neno naye. Halafu anakaa kwenye kigoda, anafungua daftari, ananiuliza, "Bibi, una umri gani?" Mimi niliyemfundisha kuhesabu vidole vyake mwenyewe! Nikamwambia mwaka ule ziwa lilipopanda, uhuru umetoka kupatikana, nilikuwa tayari nachunga ndama peke yangu, na mmoja alikuwa na doa jeupe kwenye paji akapotelea kwenye matete siku mbili. Akaandika "hajui." Hajui! Habari yote ile. Kisha akaendelea: linauma? Linawasha? Unaona ukungu? Nikamwambia ukungu wa nini saa nane mchana, huo ni moshi wa kuni. Ni kweli moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi, lakini moshi wa jikoni kwangu una tabia ya kukaa.

2. Mita sita. Mmewafundisha kwamba mgonjwa akae mita sita kutoka kwenye chati. Chati ameitundika kwenye mlango wa jiko, na mita sita kutoka mlango wa jiko inaishia ndani ya zizi la mbuzi. Mkuu, chuo kizima hakikuliona hilo? Nikasema sogeza kidogo, akasema haiwezekani, mita sita ni mita sita. Basi sasa wazee wa Kisesa wanakaa na mbuzi wangu, wamefunika jicho moja kwa kiganja, na michembe yangu ya viazi niliyoanika imehamishiwa juu ya paa inakoliwa na kunguru. Aoko muuza dagaa alikuja kunisalimia tu, akapimwa kabla hajapewa maji ya kunywa. Akaambiwa macho ya karibu yamechoka, akanunua miwani. Matokeo yake sasa anauona mchanga kwenye dagaa, anachambua mpaka fungu linabaki nusu, na anachelewa sokoni.

3. Chati yenyewe. Hapa ndipo penye kesi. Kwa sisi ambao hatukusoma mna chati ya peke yake, ina kitu kama uma wenye meno matatu, mara umetazama juu, mara chini, mara pembeni, mstari wa kwanza mkubwa kama sufuria na wa mwisho mdogo kama chawa. Mtu hasemi herufi, anaonyesha kwa mkono meno yametazama wapi. Ni jambo zuri, sikatai, mmetuheshimu.

Sasa mimi siku zile za kupima wengine nilikuwa nakaa pale pale mlangoni nachambua choroko, nasikia. Queen anawasahihisha kwa sauti: kulia, juu, kulia tena, chini, kushoto. Mtu wa kwanza, wa pili, wa kumi. Mkuu, mimi nimelima mashamba ya watu kwa nyimbo tangu niko msichana, mistari mia unaiimba huku jembe linashuka. Mistari minane itanishinda? Nikaiweka kwenye wimbo wetu wa kutwangia, mkono ukaenda wenyewe. Zamu yangu ilipofika nikakaa kwa mbuzi, nikafunika jicho, nikamwonyesha yote mpaka ule mstari wa chawa. Hata mwalimu wa shule ya msingi alikuwa ameshindwa mstari ule! Queen akapiga vigelegele, akaandika sita kwa sita, yaani macho mazima kabisa, akanikumbatia. Siku ile nilikula vizuri.

Jumamosi iliyofuata akaniambia, "Bibi hebu turudie kidogo." Nikarudia, nikaonyesha yote bila kusita. Elias alikuwepo, akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kucheka. Kumbe mtoto ameigeuza chati kichwa chini! Wanasema uma mkubwa ulikuwa chini kabisa, unauona hata ukiwa barabarani. Mimi nauliza, Mkuu, je, ndivyo mnavyowafundisha, kuwategea wazee? Kitu kikishatundikwa kimetundikwa. Na saa ya ukutani nayo mtaanza kuigeuza?

4. Ukaidi. Akanimulika na tochi, akasema, "Bibi, jicho la kulia limejaa mtoto wa jicho, jeupe kama maziwa, na la kushoto linafuata." Akanionyesha vidole, nikasema vitatu, akasema sijanyoosha hata kimoja. Nikamwomba taratibu, mimi bibi yake, afute aache ile sita kwa sita ya mwanzo. Akakataa! Akasema, "Kitabu hiki kinasainiwa na mwalimu, bibi, na mwalimu atakuja kukuona." Akaandika ya kweli huku machozi yanamtoka, mimi nikayasikia yanadondokea kwenye karatasi. Kisha akapeleka jina langu kwa daktari wenu hapo chuoni, nimepangiwa Alhamisi ijayo kupasuliwa. Pasipo kuniuliza! Na Aoko ananiambia kwa mtu mmoja wa kwao jicho lilitolewa likaoshwa kwenye bakuli kama yai.

Lakini si hilo la bakuli linaloniumiza. Siku ya Pasaka, Maige alinipigia simu akasema, "Mama, siku macho yakikushinda nakuja na gari nakuleta Kiseke, hakuna mjadala, ng'ombe tunauza." Nyumba yake naijua. Ina vigae vya kuteleza na geti linafungwa mchana, ukitaka kumsemesha jirani unampigia simu. Nitakaa pale kwenye sofa kama mgeni mpaka nife. Na Queen siku za chuo analala huko huko kwa baba yake. Chakula cha jioni wanakula pamoja. Umeelewa sasa, Mkuu? Kitabu chenu cha mazoezi kiko mezani kwa Maige.

5. Mtoto ameanza kuniambia nimshike kiwiko tukitembea, ati ndivyo asiyeona anavyoongozwa. Kwenye ua wangu! Ua huu naujua kwa nyayo. Ni kweli juzi niliikemea diaba ya kufulia nikidhani ni ndama wa jirani yetu Ngosha ameingia kwenye mboga, nikaikemea sana. Diaba ilikuwa mahali pasipo pake. Ni kweli Jumapili nilimkumbatia mchungaji nikidhani ni Aoko, lakini wote ni wanene. Chumvi kwenye chai, makopo yanafanana. Elias anasema nisiendelee kutoa mifano. Basi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa heshima. Kwanza, chati ikishatundikwa isigeuzwe, iwe sheria. Pili, ile karatasi yangu ichanwe. Tatu, na ndilo kubwa, Queen aondolewe kwenye macho mwezi huu huu ahamishiwe meno. Ni mtoto hodari, mikono yake ni myepesi, anaweza popote. Mimi nimebakiza meno manne, hayana siri, aje ayapime hata Jumamosi moja tukamaliza.

Naishia hapo kwa sababu karatasi ya Elias inaisha. Nisalimie walimu wote, na yule anayesaini vitabu, na daktari mwenye Alhamisi yake, na wapishi wa chuo, na mlinzi wa getini, Queen anasema ni Mjita mwenye adabu. Aoko anawasalimu. Mbuzi wamechoka na wageni lakini wazima.

Ni mimi mzazi mwenzenu,
(dole gumba)
Kija Luhende

N.B. Elias amenisomea barua yote tangu juu, kisha akavua kofia akaniuliza, "Mama Maige, Maige si alisema macho yakikushinda? Sasa yakitibiwa, atakuchukua kwa sababu ipi?" Nikamwambia rudia. Akarudia. Mzee mzima, karani miaka yote ile, ameandika karatasi nne ndipo analisema hilo! Basi nakuja Alhamisi. Queen mwacheni hapo hapo kwenye macho, mkimhamisha nitakuja kulalamika kwa miguu yangu. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu siwezi kupoteza kazi ya mtu.

Neno moja la siri. Wanasema wakati wa kupasua kuna mtu anakaa karibu kumtuliza mgonjwa, na kichwa hakitakiwi kutikisika. Changu kitatikisika, najijua. Queen hajui kwamba naogopa, na asijue. Mwambieni tu kwamba Alhamisi ni zamu yake.